Ng'ombe Asiyekuwemo Kwenye Hesabu

Paneli za sola za mzee wa kanisa zinaangalia barabara. Nilisimama kuzitazama kabla ya kuingia kwa dada yangu, kwa kuwa maboma hayo mawili yanapakana, na kwa kuwa sijajifunza kupita mbele ya ujinga uliopandishwa paani bila kuupa dakika zake.

Zilikuwa sita, zinang'aa, zimelazwa upande wa kusini wa paa. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Mwezi huo jua la kwetu huwa kaskazini, jambo ambalo mtu yeyote mwenye uwanja na kivuli chake mwenyewe anaweza kulithibitisha saa sita mchana bila kwenda shule. Tena Nunguni, anakoishi dada, iko juu mlimani, na Julai huko ni mwezi wa ukungu. Nguo zinaanikwa Jumatatu na kuanuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa amenunua jua kwa bei ghali, mahali ambapo jua lenyewe ni haba, kisha akaligeuzia mgongo.

Dada yangu ananizidi miaka sita. Ni mjane, anaishi peke yake, na ana mali mbili zinazozaa: ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa mengi, na mashine ya kutotolesha vifaranga inayotumia stima. Ng'ombe anamlisha. Mashine inamlipia yale mengine. Shida ni kwamba Julai stima hukatika, matawi yakiangukia nyaya huko chini bondeni, na yai likipoa sana katikati ya siku zake ishirini na moja, kilichomo ndani hufa bila kelele. Mwaka uliotangulia alipoteza mayai ya mashine nzima mara mbili. Aliyafukia nyuma ya choo ili majirani wasinuse hasara yake.

Ndipo mzee wa kanisa alipomletea wokovu wa pili. Pamoja na uzee wa kanisa, yeye ni wakala wa kampuni moja inayouza sola kwa mpango wa lipa pole pole: unatoa kianzio, unafungiwa mitambo, kisha unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu. Kianzio kilikuwa karibu sawa kabisa na bei ya ng'ombe wa gredi anayekamuliwa. Sidhani ilitokea hivyo kwa bahati. Mtu huyo anajua zizi la kila muumini.

“Mtoto wa mama,” dada aliniambia kwa simu, “njoo na daftari lako. Jumamosi mnunuzi wa ng'ombe anakuja na kamba.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilifunga kibanda changu cha kutengeneza redio na pasi pale Tawa, nikachukua mita, kipimajoto, mizani ya kuning'iniza na daftari, nikapanda mlima.

Lazima niseme nilikotoa dharau yangu, maana sikuzaliwa nayo. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Kitui. Niliwaoshea vioo watu waliosoma kuliko mimi, na walipoenda kunywa chai nilisoma vitabu vyao. Siku moja wafadhili waliletea shule mtambo wa upepo. Ulisimamishwa juu ya mlingoti, utepe ukakatwa, nyimbo zikaimbwa, na mabango matatu yakaandikwa. Nilikuwa nimepima upepo wa uwanja ule kwa wiki sita na nikamwambia mwalimu mkuu kwamba upepo huvuma vizuri mchana shule ikiwa haihitaji taa, na hulala wakati wanafunzi wanapofungua vitabu vya jioni. Akaniuliza nina cheti gani. Basi mchana mapanga yalizunguka na kujaza betri. Betri zilipopungua maji, mtu wa bodi aliamuru zijazwe maji ya kisima, kwa sababu, alisema, kisima chetu ni kisafi, kilibarikiwa. Ni kisima cha Kitui. Maji yake yana chumvi hata chai inakataa. Betri zilikufa kabla ya muhula kwisha. Mlingoti bado upo. Nasikia unatumika kufungia kamba ya nguo.

Kwa hiyo mzee wa kanisa alipokuja Alhamisi asubuhi “kunisalimu”, nilikuwa tayari.

“Profesa wa Tawa!” alisema akiwa bado mlangoni. “Tumesikia umekuja kupima jua kwa mizani.”

“Nimekuja kusoma karatasi yako.”

“Soma. Hata mtoto wa darasa la nne anaielewa.”

“Ndiyo maana nina wasiwasi.”

Dada alikohoa, kuniambia nichunge mdomo. Karatasi ilikuwa imefunikwa plastiki, kama menyu ya hoteli. Upande mmoja kulikuwa na bei. Upande wa pili kulikuwa na kile ambacho mteja “ataokoa” kila mwezi: tokeni za stima, mafuta ya taa, mishumaa, kuchajisha simu sokoni. Chini, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba mitambo inajilipa yenyewe kwa miaka miwili.

“Huyu mama hajanunua mafuta ya taa tangu stima iingie hapa,” nikasema. “Umeyahesabu ya nini?”

“Hayo ni makadirio.”

“Simu anachajisha hapa hapa mezani. Na hili jua la saa sita kwa siku, mmelitoa wapi?”

“Kampuni ilipima.”

“Ilipimia wapi?”

“Makindu.”

Makindu iko chini kwenye barabara ya Mombasa, nchi tambarare, ambako mabati yanaweza kukaanga yai. Nilimwonyesha dirisha. Nje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba yake haikuonekana, wala paneli zake sita.

“Ukungu huu utaisha saa nne,” alisema.

“Na kwa nini zako zinaangalia kusini?”

“Haziangalii kusini. Zinaangalia barabara.” Alisema hivyo kama mtu anayemsaidia mgeni. “Nikiziweka nyuma, nani ataziona?”

Nilimdharau kwa jibu hilo mwaka mzima. Siku hizi namdharau kwa mambo mengine.

Alipoondoka nikafanya hesabu mbele ya dada, mstari kwa mstari, ili asije akasema nimemfunika kwa maneno. Mashine yake hula stima kwa ajili ya joto, na joto ndicho kitu ghali kuliko vyote kukitoa kwenye betri. Taa ni kidogo, redio ni kidogo. Joto la mchana na usiku kwa siku ishirini na moja ni jambo jingine. Niliiwekea mita tangu jana yake. Kwa jua la Julai la Nunguni, mitambo ile ingebeba mashine mpaka wakati wa chakula cha jioni, kisha ingezima kwa heshima. Nilipoondoa mafuta ya taa na mishumaa isiyokuwepo, miaka miwili ya mzee ikawa kumi na moja. Nimefungua betri nyingi za aina ile kibandani kwangu. Sijaona hata moja iliyofika nusu ya hapo.

Na kuna kosa moja ambalo sikuweza hata kuliita kosa, kwa kuwa kosa linahitaji mtu awe amejaribu. Ng'ombe hakuwemo. Kianzio kilikuwemo, lakini maziwa ya kila asubuhi, ndama wa kila mwaka, samadi ya shamba, vyote havikuwa popote kwenye karatasi ile. Ilikuwa kana kwamba pesa zilikuwa zimelala zizini, zikitafuna nyasi, zikisubiri mtu mwerevu aje aziamshe.

Dada alisikiliza yote. Akafunga kitambaa chake upya.

“Nimekusikia. Sola hapana. Sasa mayai yangu yataota joto la nani? La maneno yako?”

Hilo ndilo swali ambalo wakosoaji hatulipendi.

Nikasema gesi ya samadi. Ng'ombe yupo, anatoa samadi kila siku bure. Inachachuka kwenye shimo lililofunikwa, gesi inatoka kwa bomba, inawaka, inapasha moto pale pale bila betri wala inverta ya kubadili umeme. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa zizini nikipima samadi kwa mizani ya kuning'iniza, ndoo kwa ndoo. Mzee wa kanisa akanitazama juu ya ua, mswaki mdomoni.

“Profesa! Kilo ni pesa ngapi?”

“Kwako ni bure. Lete karatasi yako nikufungie.”

Nikaandika saruji, matofali, mabomba, kichomeo. Nikaandika kuchimba shimo. Nikajumlisha, nikagawanya, nikapata mwaka mmoja na miezi minane. Nilirudia mara mbili. Nakiri nilifurahi, nikaliweka daftari mezani likiwa wazi, karibu na kikombe chake, kama mtu aliyeacha zawadi.

Dada alivaa miwani.

“Hapa kwa kuchimba umeandika nini?”

“Sufuri. Mwethya watachimba.”

Akacheka. Alicheka mpaka akavuta kiti akaketi.

Mwethya, kwa asiyejua, ni kikundi chetu Wakamba cha kusaidiana kazi. Wanawake wanachimba kwako wiki hii, wiki ijayo wanachimba kwa mwingine, mpaka mzunguko uishe. Matuta yote ya Ukambani yalichimbwa hivyo. Mama yetu alimalizia mgongo wake huko. Nami, niliyelala kando ya mabunda yao ya nguo na kunyonyeshwa kati ya zamu mbili, nilikuwa nimeandika sufuri, kama wanavyoandika wanaume wote wa kwetu wanapopanga miradi, kwa sababu hatujawahi kushika jembe hilo.

“Tuko wangapi kwa mwethya wetu?” akaniuliza.

“Sijui.”

“Ishirini na wawili. Shimo lako hili ni siku ngapi?”

“Tatu.”

“Basi wakinichimbia siku tatu, mimi nitachimbia wengine ishirini na mmoja siku tatu tatu. Piga hesabu, wewe mwenye kalamu.”

“Sitini na tatu.”

“Na goti hili. Na mahindi ya muthokoi ya kuwalisha siku hizo zote wakiwa hapa, na mboga, na sukari.” Akavua miwani. “Umemcheka mzee wa kanisa kwa kumsahau ng'ombe. Wewe umenisahau mimi.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Nilifuta sufuri. Nikaweka vibarua wa kulipwa, nikaweka na maji, ambayo shimo la gesi hunywa kila siku na ambayo yeye huyabeba kutoka mtoni Agosti na Septemba. Mwaka mmoja na miezi minane ukawa miaka saba, kwa mradi unaotegemea mnyama mmoja mwenye matumbo manne na ugonjwa wowote unaopita. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Ijumaa, na kamba ya mnunuzi ilikuwa siku moja mbali.

Nilichofanya baadaye ningepaswa kukifanya Jumatano. Niliacha kuuliza ni umeme gani wa kununua, nikauliza stima ikipotea inapotea kwa muda gani.

“Ikienda asubuhi hurudi jioni,” dada alisema. “Ikizidi sana, inalala huko, inarudi kesho yake.”

“Na mashine inakaa na joto kwa muda gani?”

“Hilo ni la kuuliza wewe. Mimi huona tu yakiwa yamekufa.”

Kwa bahati mashine ilikuwa tupu. Mayai mapya yangeingia Jumatatu. Yai ni maji kwa sehemu kubwa, basi nilijaza trei zake chupa ndogo za maji badala ya mayai. Nikaacha mashine ifike nyuzi thelathini na saba na nusu, kisha nikazima swichi. Tulikaa jikoni tukiangalia kipimajoto kikishuka. Kabla ya saa moja kupita kilikuwa pabaya. Kuta za mashine ile ni bati jembamba na rangi ya buluu. Aliyeitengeneza hakuwahi kuhisi Julai ya mlimani.

Nikawasha, nikangoja, nikazima tena. Mara hii nilikuwa nimeizungushia godoro kuukuu la sponji lililokatwa vipande, juu yake blanketi, nikiacha matundu ya hewa wazi. Chini ya trei nikaweka mitungi miwili ya lita tano yenye maji moto, iliyofungwa vizuri. Maji tuliyapasha kwa magunzi ya mahindi, ambayo yamejaa ghala lake na ambayo angeyachoma hata hivyo. Kila baada ya saa tatu tulibadilisha mtungi mmoja. Kuanzia chakula cha mchana mpaka giza lilipoanza kuingia, kipimajoto hakikushuka hata nyuzi moja.

Niliandika: godoro, lipo. Blanketi, lipo. Mitungi, ipo. Magunzi, yapo. Safari hii niliandika pia: kubadilisha maji, dada, mara nne kwa mchana na nne kwa usiku. Mbele ya muda wa kujilipa sikuwa na cha kuandika.

Dada aliizunguka mashine iliyovaa blanketi la maua mekundu.

“Miaka ishirini na mitatu ndani ya maabara,” alisema, “na umeniletea blanketi.”

“Ni blanketi lako.”

“Ndiyo maana linaniuma.”

Jumamosi mnunuzi alifika mapema, na mzee wa kanisa nyuma yake, amevaa koti, kwa kuwa kianzio kingepita kutoka mkono hadi mkono pale pale. Mnunuzi alimshika ng'ombe mkia, akamgonga ubavu, akaanza kukunjua kamba. Dada alisimama kwenye mlango wa zizi.

“Kamba yako ni nzuri,” akamwambia mnunuzi. “Rudi nayo.”

“Mwaitu, mama yangu, tulielewana,” mzee wa kanisa akaingilia. “Na mayai je? Stima ikienda?”

“Nitayafunika.”

“Utayafunika na nini?”

Alitazama dirishani, akaona maua mekundu. Nimeona watu wakicheka msibani kwa adabu zaidi.

“Blanketi! Profesa ametoka Tawa yote na vyuma vyake kuja kufunika mashine blanketi! Si ungeisomea pia hadithi ilale?”

Mnunuzi naye akacheka, kwa kuwa alikuwa amepoteza nauli na alihitaji faida fulani. Dada hakucheka. Alifunga zizi, akaingia ndani, akaanza kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kanisa likapata habari kabla ya ibada ya kesho yake. Kwa wiki tatu aliitwa Mama Blanketi. “Mama Blanketi, mashine imeamka?” “Mama Blanketi, imekunywa uji?” Waliomuuliza hivyo ni watu wenye paneli zinazowasha runinga mpaka saa mbili na kufa, watu ambao bado walikuwa na miaka mitatu ya kulipa, na baadhi yao walikuwa wameshauza wanyama wao. Si kwamba walijua hesabu yangu ni mbaya. Hawakuwa na hesabu yoyote. Walijua kitu kimoja tu, kwamba blanketi halionekani barabarani.

Stima ilikatika siku ya kumi na sita ya mayai yake, ikakaa huko mchana, usiku na asubuhi iliyofuata. Sikuwepo. Alichemsha, akabadilisha, akachemsha. Magunzi yalimwisha upande mmoja wa ghala. Siku ya ishirini na mbili alinipigia simu, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele kama mvua juu ya mabati.

“Unasikia?”

“Wangapi?”

“Sabini na wanne.”

“Kati ya?”

“Tisini. Wewe nawe, hata pongezi unaiwekea mgawanyo.”

Ng'ombe alizaa mwezi wa Novemba, ndama jike.

Julai iliyofuata dada aliniita tena. Alikuwa amenunua, taslimu, kwa pesa za vifaranga, paneli moja ndogo na betri ndogo na taa moja. Nilimwuliza ni ya nini, maana nyumba ina stima na mashine ina blanketi. Akasema ni ya zizi. Nikamwambia ng'ombe hahitaji taa. Nikafungua daftari.

“Funga hilo,” alisema. “Panda.”

Nilipanda ngazi nikiwa na paneli begani, na niliposimama juu ya bati nikamwambia kabla hajaniambia: haitaangalia barabara, hata tukosane.

“Paneli iangalie unakotaka wewe,” dada alijibu kutoka chini, ameshika ngazi. “Taa iangalie ninakotaka mimi.”

Nikafunga paneli kaskazini, kwa mwinamo unaofaa. Taa nikaitundika kwenye boriti ya mbele ya zizi, mahali alipoonyesha kwa fimbo, sogeza kidogo, hapana, rudisha. Giza lilipoanza kushuka tukaiwasha. Watu walikuwa wanatoka kwenye mazoezi ya kwaya, wakipita barabarani wawili wawili, na kila mmoja aligeuza kichwa, kwa kuwa zizi zima lilikuwa jeupe, na ndani yake alikuwa amesimama ng'ombe aliyepaswa kuuzwa, na ndama wake pembeni, wakitafuna.

Mzee wa kanisa alipita pia. Hakusimama. Nyumba yake, chini ya paneli zake sita, ilikuwa bado giza.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mikono imetulia. Akaniuliza ile itajilipa kwa miaka mingapi. Nilihesabu kichwani, kwa mazoea, nikapata jibu, na sikumwambia.